Korosho ya Newala na Kanuni za Soko la Dunia

Utangulizi

Mtu afikaye Chilangala, katika wilaya ya Newala, wakati wa mavuno ya korosho, yaani tangu mwezi wa Oktoba hadi Desemba au Januari, atalikuta ghala la chama cha msingi limezungukwa na watu na magunia. Wako waliokuja na baiskeli, wako waliokuja na pikipiki, na wako wazee kwa akina mama waliobeba vichwani. Karani yupo na daftari lake, na mizani imesimama mlangoni. Mkulima humwaga korosho zake, zikachambuliwa, zikatiwa gunia, zikapimwa. Hapo huutazama sana mshale wa mizani, maana uzito ni jambo analolijua. Amekwisha kuukadiria kwa mkono wake mwenyewe, na hapunjiki kwa urahisi. Jambo asilolijua ni bei. Bei itajulikana siku ya mnada, na hata huko mnadani haitokani na hiari ya mnunuzi peke yake. Inategemea mahitaji ya wabanguaji wa Kollam kule India na wa Vietnam, ushuru unaotozwa kwenye bandari za nchi za mbali, na mikataba ambayo mkulima huyu hajapata kuisoma wala kusomewa.

Wengi wetu tukitaja utamaduni wa watu wa nyanda za juu za Makonde hukimbilia kutaja vinyago vya mpingo, ngoma ya sindimba, vinyago vya kuvaa usoni vichezwavyo katika jando, na chale za wazee wa zamani. Hayo yote ni kweli, na ni urithi wetu sote. Lakini utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyotafuta riziki yao, namna wanavyopatana juu ya kipimo cha haki, na namna wanavyopambana na yule awapunjaye. Katika Newala na Masasi mtoto huingizwa jando, nyumba huezekwa bati, na ada ya shule hulipwa kwa fedha za korosho. Bei ya korosho ikianguka, hata ngoma hupungua. Kwa hiyo anayetaka kuujua utamaduni wa huku hana budi kuijua pia historia ya biashara yake, na anayetaka kuijua biashara hiyo hana budi kuzijua kanuni zinazoitawala.

Wahenga walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba methali hiyo ndiyo muhtasari wa historia ya mkulima wa nchi changa katika soko la dunia. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba kule kuwapo, hata tulipofika, hakukutosha peke yake.

Nchi isiyo na mito

Nyanda za juu za Makonde zimeinuka kutoka pwani ya Lindi na Mtwara hadi kufikia kiasi cha meta 900 juu ya bahari upande wa Newala. Hapo ardhi hukatika ghafla, na mtu akisimama kwenye ukingo wa lile bonde liitwalo Shimo la Mungu huiona nchi ya chini imetandazwa mpaka mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Udongo wa juu ni wa kichanga chekundu. Mvua ikinyesha maji huzama chini, wala hayaachi mto wala kijito. Kwa vizazi vingi akina mama waliteremka magenge kwenda mabondeni kuchota maji, kisha wakapanda tena na mitungi vichwani. Mradi wa maji ya bomba ulianza katika miaka ya 1950.

Kwa nini watu walikaa mahali pa kiu namna ile? Vichaka vyake vilikuwa ngome. Katika karne ya 19, wakati misafara ya watumwa ilipokuwa ikishuka kwenda Kilwa, Lindi na Mikindani, na wakati mashambulio ya Wangoni yalipokuwa yakiitisha nchi ya Masasi na Newala, vichaka vile viliwaficha Wamakonde, na majirani zao Wayao na Wamakua nao wakapata mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo mapatano ya kwanza ya watu hawa na biashara ya dunia yalikuwa ni ya kuikimbia. Biashara hiyo iliwahesabu wao wenyewe kuwa bidhaa, na kanuni yake ilikuwa ni bunduki.

Mpira wa msituni

Biashara ya pili walikwenda wenyewe kuipokea. Katika vichaka vya Makonde iliota mitoria, ile mimea itambaayo juu ya miti na kutoa utomvu wa mpira. Katika miaka ya 1880 viwanda vya Ulaya na Marekani viliuhitaji mpira kwa wingi, na wafanyabiashara wa Mikindani na Lindi wakaanza kuununua. Wamakonde waligema utomvu, wakauviringa mapande, wakateremka nao pwani kubadilisha kwa nguo, chumvi, baruti na vyombo vya chuma. Hakuna mzungu aliyewafundisha wala mnyapara aliyewalazimisha. Waliona faida wakaifuata. Inafaa kulikumbuka jambo hili, kwani wakoloni walipenda kueleza kwamba mkulima wa Kiafrika hakuielewa biashara mpaka walipofika wao.

Wajerumani walipokwisha kuitia nchi mkononi waliweka kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa mwaka. Tangu hapo mpira haukuwa tena njia ya kujipatia nguo tu, bali ulikuwa ni njia ya kujiepusha na pingu. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, akakaa miezi kadhaa akiandika habari za mila, ngoma na kazi za mikono za wenyeji. Wakati huo huo bidhaa ya nyanda hizi ilikuwa ikishindana, bila ya mgemaji kujua, na mashamba makubwa yaliyokuwa yakikua Malaya na Ceylon.

Mashamba hayo yalipandwa kwa mbegu ambazo Mwingereza Henry Wickham alizichukua Brazili mwaka 1876. Mwaka 1913 mpira wa mashamba ulifurika sokoni na bei ikaporomoka. Mpira wa msituni ukafa, na mashamba ya mpira ya Wajerumani wenyewe katika nchi yetu yakafa pamoja nao. Huko Chilangala na kwingineko mgemaji aliambiwa tu na mwenye duka kwamba mzigo wake hautakiwi tena. Hakuelezwa sababu, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Kodi iliendelea kudaiwa kama kawaida.

Kuja kwa mkorosho

Brazili iliyotoa mbegu ya kuua mpira wa Makonde ndiyo iliyokuwa imekwisha kuleta mti wa kuuponya. Mkorosho asili yake ni pwani ya kaskazini mashariki ya Brazili. Wareno waliuleta Msumbiji na India katika karne ya 16, na kutoka huko ukaenea polepole katika pwani yetu. Lugha nayo inashuhudia safari hiyo. Neno kanju, litumiwalo na baadhi ya Waswahili, limetokana na neno la Kireno ambalo nalo lilitoka katika lugha ya Wahindi Wekundu wa Brazili. Wenyeji waliupenda mti huu kwanza kwa ajili ya tunda lake, yaani bibo, ambalo huliwa, hukamuliwa, na hutengenezewa pombe ya uraka. Korosho yenyewe ilichomwa motoni ikaliwa na watoto.

Katika zama za Mwingereza hali ilibadilika. Tangu miaka ya 1920 Wamarekani walikuwa wameanza kupenda korosho zilizobanguliwa, na viwanda vya Kollam, katika pwani ya kusini magharibi ya India, vilikuwa vikibangua kwa mikono ya maelfu ya wanawake. Korosho za India hazikutosha, nazo za Afrika ya Mashariki zikatafutwa. Wenye maduka wa Newala, Masasi na Lindi, wengi wao wakiwa na asili ya Bara Hindi, walinunua korosho ghafi kwa kipimo chao, wakazipeleka pwani, na meli za pepo za masika zikazipeleka Kollam. Mkorosho uliipenda ardhi ya kichanga, ukavumilia kiu, wala haukumnyima mkulima nafasi ya kulima muhogo na mtama wake. Kwa hiyo ulienea kwa jembe la mkono, shamba kwa shamba, bila ya makelele.

Makelele yalikuwa kwingine. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wake mkubwa wa karanga katika Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ili kuwapatia Waingereza mafuta ya kula. Yaliletwa matrekta, ikajengwa bandari ya Mtwara, na ikatandikwa reli kwenda Nachingwea. Mpango ulivunjika baada ya miaka michache, na zaidi ya paundi milioni 35 zikapotea. Reli ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Bandari ndiyo iliyobaki, nayo ikawa bandari ya korosho. Zao lililopangwa London kwa ajili ya nchi hii lilishindwa, na zao walilolipanda wakulima wenyewe ndilo lililostawi.

Mkutano wa Geneva

Mwaka huo huo wa 1947, mwezi wa Oktoba, nchi 23 zilikutana Geneva zikatia sahihi Mkataba wa Jumla kuhusu Ushuru na Biashara, uliojulikana kwa jina la GATT. Tanganyika haikuwapo, kwani ilikuwa chini ya Mwingereza, na Mwingereza aliweka sahihi kwa ajili ya faida zake. India ilikuwapo, ingawa uhuru wake ulikuwa haujatimiza hata miezi mitatu.

Mkataba ule ulijengwa juu ya misingi michache iliyo rahisi kueleza. Msingi wa kwanza ni kwamba upendeleo unaopewa nchi moja wapewe wanachama wote. Wa pili ni kwamba nchi zipunguziane ushuru kwa kubadilishana: nipe nikupe. Wa tatu, uliomo katika Kifungu cha 11, ni kwamba nchi isiweke marufuku wala mipaka ya kiasi katika kuingiza au kutoa bidhaa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ushuru wenyewe haukukatazwa.

Mtu akisikia hayo kwa mara ya kwanza atasema kuwa ni haki tupu. Mizani ni moja kwa wote. Lakini haki ya nipe nikupe ni haki ya wenye vitu viwili mkononi. Nchi yenye korosho, mkonge na kahawa tu, itampunguzia nini mwenye mashine, nguo na madawa, hata naye ampunguzie? Ndiyo maana kwa miaka mingi majadiliano ya Geneva yalipunguza sana ushuru wa bidhaa za viwanda ambazo matajiri waliuziana wao kwa wao, na mazao ya kilimo ya matajiri yakawekwa kando na kulindwa. Tena ulienea mtindo wa kuweka ushuru mdogo au kutoweka kabisa juu ya mali ghafi, na ushuru mkubwa zaidi kadiri mali hiyo inavyozidi kutengenezwa. Hapakuandikwa popote kwamba nchi maskini zisijenge viwanda. Lakini aliyepeleka mali ghafi alifunguliwa mlango, na aliyepeleka mali iliyotengenezwa alisimamishwa kizingitini.

Tanganyika iliingia katika GATT siku ile ile ya uhuru wake, tarehe 9 Desemba 1961. Iliingia katika nyumba ambayo wengine wameishaijenga na kugawana vyumba.

Umoja wa wanyonge

Nchi changa hazikunyamaza. Mwaka 1964 ulifanyika Geneva Mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Maendeleo, yaani UNCTAD, chini ya uongozi wa Raúl Prebisch wa Argentina. Huyu alikuwa amekwisha kueleza kwa muda mrefu kwamba bei za mazao huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Mkulima wa Newala hakuhitaji kitabu ili kuliamini jambo hilo. Alijua ni kilo ngapi za korosho zilimnunulia shuka au jembe alipokuwa kijana, na ni ngapi zilihitajika alipozeeka. Katika mkutano huo nchi zinazoendelea ziliunda Kundi la 77. Mwaka uliofuata GATT iliongezewa sehemu mpya iliyotambua kwamba nchi tajiri zisitazamie malipo sawa kutoka kwa nchi maskini, ingawa maneno yake yalikuwa ya ahadi kuliko ya amri. Kuanzia mwaka 1971 nchi tajiri zilitoa nafuu za ushuru kwa bidhaa za nchi changa, kwa hiari yao, na kwa orodha walizozichagua wao.

Tanzania ilijitahidi pia katika njia nyingine. Mwaka 1969, pamoja na Kenya na Uganda, ilitia sahihi Mkataba wa Arusha na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Mwaka 1975 ilikuwa miongoni mwa nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki zilizotia sahihi Mkataba wa Lomé, ambao uliweka mfuko wa kufidia nchi pale mapato ya mazao yake yanapoanguka. Katika Lomé ya pili, mwaka 1979, korosho nayo iliingizwa katika orodha ya mazao hayo. Mwaka 1974 Umoja wa Mataifa ulitangaza nia ya kujenga Utaratibu Mpya wa Uchumi Duniani, na mwaka 1976 UNCTAD ilikutana Nairobi kutafuta mfuko wa pamoja wa kuimarisha bei za mazao. Mwezi wa Februari 1979 mawaziri wa Kundi la 77 walikutana Arusha, na Mwalimu Nyerere akawaeleza kwamba kundi lao ni mfano wa chama cha wafanyakazi: mmoja mmoja hawana nguvu, na umoja wao ndio silaha yao pekee.

Fikra hiyo haikuwa ngeni kwa watu wa Kusini. Tangu miaka ya mwisho ya 1950 wakulima wa korosho walikuwa wameanza kujiunga katika vyama vya ushirika kwa sababu hiyo hiyo, maana mkulima mmoja mbele ya duka moja hana bei ya kutaja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Viwanda vya kubangua

Ilikuwa dhahiri kwamba njia ya kujikomboa ni kubangua korosho hapa hapa. Kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya korosho safi, na anayebangua ndiye ajipatiaye kazi, maarifa, na yale mafuta ya maganda yatumikayo katika rangi na vifaa vya breki. Kiwanda cha kwanza cha mashine kilijengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya nchi za nje, vilijengwa vingine Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na penginepo, hata vikafika 12. Mashine zake zilitoka Italia na Japani. Viwanda vyote pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Mavuno yalikuwapo. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani 145,000, na duniani ilizidiwa na Msumbiji tu. Lakini tangu mwaka ule mavuno yalianza kuporomoka, na katika msimu wa 1986/87 hayakufikia hata tani 17,000. Viwanda vilikamilika wakati korosho zimekwisha. Mikopo ilibaki palepale, ikidaiwa kwa fedha za kigeni.

Mwandishi wa historia hatendi haki akiitupa lawama yote ng'ambo ya bahari. Ni kweli kwamba bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979, na kwamba vita vya Kagera vilikausha hazina. Lakini yako na ya kwetu. Kuhamia katika vijiji vya pamoja kuliwatenga wakulima wengi na mikorosho yao, na shamba lisilopaliliwa huliwa na moto. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na Mamlaka ya Korosho ikawa mnunuzi peke yake. Thamani halisi ya bei aliyolipwa mkulima ilishuka mwaka hadi mwaka, na mtu hapaliliі mti usiomlipa. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ukanyausha maua kabla hayajazaa. Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, ndio waliofanya kazi ya kutafuta njia ya kuutibu kwa unga wa salfa na kwa kuzalisha miche bora.

Fundisho ni kwamba tulidai bei ya haki Geneva na Nairobi, na wakati huo huo tulishindwa kumlipa bei ya haki mkulima wa Newala. Hoja yetu ya nje ilidhoofishwa na tendo letu la ndani.

Soko huria na mambo ya Msumbiji

Mwaka 1986 Tanzania ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua korosho. Mavuno yalifufuka, kwani mkulima alipata fedha taslimu na salfa. Lakini korosho ziliondoka ghafi. Viwanda viliuzwa, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia korosho zisubirizo meli. Tarehe 1 Januari 1995 GATT iliingia ndani ya Shirika jipya la Biashara Duniani, na Tanzania ikawa mwanachama tangu siku ya kwanza.

Ng'ambo ya Ruvuma jirani zetu walipata somo kali zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliitaka Msumbiji ipunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima atalipwa zaidi. Ushuru ulipunguzwa, viwanda vikafungwa, na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza kazi. Faida aliyoipata mkulima ilikuwa ndogo. Mwaka 1999 Bunge la Msumbiji liliupandisha tena ushuru huo.

Tuzingatie hapa kwamba kanuni za dunia hazikuikataza Msumbiji kutoza ushuru ule. Kifungu cha 11 kinakataza marufuku, hakikatazi ushuru wa kusafirisha nje. Aliyeukataza ni mkopeshaji, kwa nguvu ya deni. Na India, inayonunua korosho zetu, haikuwa na mwamana wa namna hiyo. Imetoza ushuru mdogo sana juu ya korosho ghafi na ushuru mkubwa juu ya zilizobanguliwa: asilimia 45, uliopandishwa mwaka 2019 hadi 70. Nayo haikuvunja sheria. Ilikuwapo mwaka 1947, ikajua ni mlango gani umeachwa wazi, ikautumia. Tanzania nayo ilitumia mlango huo kwa kutoza ushuru wa asilimia 15 juu ya korosho ghafi ziendazo nje, kwa nia ya kuusaidia ubanguaji na zao lenyewe.

Mzaliwa wa Lupaso

Katika habari hizi yuko mtu mmoja wa nchi hii hii ambaye maisha yake yanabeba pande zote mbili za hoja. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje zama za Mwalimu, kisha Rais wa tatu tangu 1995 hadi 2005. Ni katika utawala wake ubinafsishaji na soko huria vilipokomaa. Lakini alipostaafu aliongoza bodi ya Kituo cha Kusini, chombo kilichotokana na Tume ya Kusini ya Mwalimu Nyerere, na akawa msemaji hodari wa kuupinga mkataba wa ubia wa kiuchumi baina ya Afrika ya Mashariki na Umoja wa Ulaya.

Hoja yake ilikuwa ya mahesabu. Mkataba ule ulitaka tuondoe ushuru juu ya sehemu kubwa ya bidhaa za Ulaya, na uliweka masharti magumu juu ya ushuru wa kusafirisha mali ghafi. Nasi, kwa kuwa tumo katika kundi la nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, tangu mwaka 2001 tulikuwa tumekwisha kupewa ruhusa ya kuingiza bidhaa zetu Ulaya bila ushuru. Basi tungelipa nini kupata tulichokuwa nacho? Kenya na Rwanda zilitia sahihi mwaka 2016. Tanzania haikutia, na mwezi wa Novemba mwaka huo Bunge lake likashauri Serikali isitie. Mkapa alifariki mwezi wa Julai 2020 akazikwa kwao Lupaso, katika nchi ya mikorosho.

Mizani ya nyumbani

Tangu msimu wa 2007/08 mkoa wa Mtwara umetumia utaratibu wa stakabadhi ghalani: korosho hukusanywa na vyama vya msingi, huwekwa ghala kuu, na huuzwa mnadani. Utaratibu huu ulikusudiwa kumkinga mkulima na kangomba, yaani walanguzi wanunuao kwa kipimo chao wakati wa njaa. Mwezi wa Oktoba 2018, baada ya msimu mmoja wa bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo, wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnada. Mwezi uliofuata Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua kwa shilingi 3,300, na jeshi likasomba mizigo. Baadhi ya wakulima walingoja malipo kwa muda mrefu. Serikali nayo ilikuta kwamba mwenye ghala lililojaa korosho asizoweza kuzibangua bado anamhitaji mnunuzi wa ng'ambo.

Kukataa kule kwa Oktoba kusisahauliwe, hata kama mwisho wake haukuwa mwepesi. Mjukuu wa mgemaji mpira wa mwaka 1913, aliyeambiwa mzigo wake hautakiwi asiwe na wa kumwuliza, alisimama mbele ya mnunuzi na kusema kwa bei hii siuzi.

Hitimisho

Tumeona ya kwamba watu wa Makonde hawakuwa watazamaji wa biashara ya dunia. Walikimbia ile iliyowauza, wakaipokea ile iliyowanunulia, na wakapanda kwa mikono yao zao ambalo wakubwa hawakulipanga. Tumeona pia kwamba kanuni za biashara zilitungwa wakati sisi hatupo, na kwamba zilipimwa kwa kimo cha watunzi wake. Lakini kilio hakitoshi. India nayo iliwahi kutawaliwa, na Vietnam, iliyokuwa vitani mpaka mwaka 1975, leo ndiyo inayoongoza kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, nyingine zikiwa ni zetu.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele ni mbili, wala moja haiwezi kungojea nyingine. Kule Geneva na kwingineko tuendelee kulinda, pamoja na wenzetu, nafasi ya nchi changa kutoza ushuru, kulea viwanda na kubagua mikataba. Na hapa nyumbani tumlipe mkulima kwa haki na kwa wakati, tufufue viwanda kwa maarifa wala si kwa mashine za mkopo peke yake, na tumweleze mkulima mambo haya kwa lugha anayoielewa. Yule mzee wa Chilangala anayetazama mshale wa mizani anastahili kujua ni nani aliyepanga bei, na kwa kanuni ipi. Akilijua hilo, atajua pia ni wapi pa kwenda kudai.